Mwaka wa Mashua ya Gathogo

Katika programu ya mazishi ya Fundi Gathogo, ukurasa wa tatu, chini ya picha yake akiwa amevaa koti la mvua, kulikuwa na sentensi moja iliyonifanya nisisikie mahubiri yote ya siku ile. Ilisema kwamba marehemu alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia baharini kwa sababu ya uzembe wa rafiki aliyefunga mashua vibaya. Rafiki hakutajwa jina. Hakukuwa na haja. Alikuwa ameketi mistari miwili mbele yangu, kwenye viti vya plastiki vilivyokodishwa Nanyuki, kichwa cheupe, fimbo katikati ya magoti, na programu ileile mkononi. Otieno alikuwa amesafiri siku mbili kutoka Homa Bay kuja kumzika fundi, na nilimwona akiufikia ukurasa wa tatu, akasoma, akaikunja karatasi polepole na kuitia mfukoni. Mashua ile niliifunga mimi. Nalisema hili mapema ili nisipate nafasi ya kulizunguka baadaye, maana nimelizunguka karibu miaka arobaini na ninajijua.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini, mwalimu asiye na cheti katika shule ya msingi nje kidogo ya Naro Moru, nikingoja barua ya chuo. Chumba changu kilikuwa nyuma ya karakana ya Gathogo. Alikuwa amekijenga kwa mabaki ya mbao, kila ubao na upana wake, na ukuta mmoja ulikuwa ndio huohuo ukuta wa jikoni mwao. Nyufa zilizibwa kwa magazeti yaliyobandikwa kwa uji, kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijapata ujasiri wa kutoa miguu kwenye blanketi, nilisoma habari za miaka iliyopita huku nikisikia habari za siku hiyo kutoka upande wa pili. Nilimsikia mkewe, Nyokabi, akimwambia ngʼombe maneno matamu kuliko aliyomwambia mumewe. Nilimsikia Gathogo akikohoa. Alikuwa mpagazi wa mlimani kwa miaka mingi, akiwabebea wageni mizigo mpaka kule juu kwenye barafu, hadi kifua kilipomkataza. Ndipo akashika randa na msumeno. Alitengeneza vitanda, madawati ya shule yetu, mabenchi ya kanisa, na majeneza, ambayo aliyaficha chini ya turubai kwa sababu Nyokabi hakutaka kuyaona akipita na ndoo ya maziwa.

Mambo yalianza kwa barua. Mzungu mmoja ambaye Gathogo alimbebea mizigo mara tatu alikuwa amenunua nyumba Shimoni, kule pwani, karibu na mpaka wa Tanzania, na alitaka mashua ndogo ya mbao, itengenezwe na mtu anayemwamini. Gathogo hakuwa ameiona bahari. Mimi pia sikuwa nimeiona, wala Nyokabi. Alichora mashua kwa penseli nyuma ya kalenda, akaitundika ukutani, akawa anaitazama kila anapokunywa chai. Wiki ya pili akaja askari polisi kutoka kituoni kuagiza kitanda. Alikuwa kijana mrefu, mtaratibu, mwenye viatu vilivyong'aa katika mji wa matope. Akaitazama ile kalenda kwa muda mrefu.

"Fundi," akasema, "hii ni sanduku ya maiti iko na pua."

Huyo alikuwa Otieno. Baba yake alikuwa fundi wa mashua kwenye ziwa, na yeye mwenyewe alijifunza kuogelea kabla hajajifunza kusoma. Tangu siku hiyo, kila alipokuwa hana zamu, alikuja karakanani, akavua koti la kazi, akapiga magoti na kuchora umbo la mashua kwa makaa kwenye sakafu. Gathogo alimfuata nyuma na kamba ya kupimia, bila kubisha, jambo ambalo sijamwona akimfanyia mtu mwingine. Mimi nilipeleka chai. Kulikuwa na kikombe kimoja cha bati chenye mpini uliolegea, na Otieno alikichagua hicho kila mara ili mimi nisikipate. Jioni moja nilikuwa nasahihisha madaftari nikamsikia Nyokabi kupitia ukuta akimwambia mumewe, "Baba Muthoni, huyu Afande hakujii mbao." Gathogo akakohoa, akasema, "Wacha akuje na chenye anakujia. Mashua yangu inaenderea." Nilizima taa nikalala nikitabasamu. Ni mojawapo ya mambo machache ya mwaka ule ninayoweza kuyakumbuka bila kuumia.

Mji ulipata kitu cha kuchekea. Gathogo alibatizwa Nuhu. Mwenye bucha alimwomba amwekee nafasi ya mbuzi wawili, na wanawake wa kanisa waliuliza kama mvua itanyesha kabla au baada ya mavuno ya viazi. Wakati mbao zilipokuwa zikikauka kuku walitaga ndani ya mashua. Gathogo alicheka nao mchana, lakini usiku nilimsikia akimuuliza Nyokabi, zaidi ya mara moja, "Ikikataa kuerea nitarudi hapa na uso gani?" Herufi ya L ilimshinda maisha yake yote, ikawa R, lakini mtu wa kule haoni kosa hapo, husikia tu mtu wake akizungumza. Nyokabi alimwambia alale.

Mwezi wa nne, shule zilipofungwa, mashua iliisha. Aliipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye madirisha ya shule yetu. Tanga lilitokana na hema lake la mlimani, na Nyokabi ndiye aliyelishona kwa cherehani. Iliteremka pwani ikiwa imepinduliwa juu ya magunia ya viazi, kwenye lori lililokuwa likienda Mombasa, na Gathogo akakaa na dereva njia nzima akimkataza kupiga breki. Otieno alichukua livu kazini. Mimi nilikuwa na likizo, na Nyokabi alisema haendi kukaa na wanaume wawili na maji peke yake. Muthoni, binti yao mdogo, tulimwacha kwa nyanya yake, kule Mukurweini.

Tulifika Jumamosi. Mzungu alikuwa Nairobi, angerudi Jumatatu, na mlinzi wake alitupa vyumba viwili vya wafanyakazi nyuma ya nyumba, vyenye vitanda vya kamba na sakafu ya saruji iliyokuwa na joto hata alfajiri. Jumapili asubuhi Nyokabi aliamka akapika mukimo, viazi na mahindi ya kuponda, kwenye jiko la mlinzi, akachemsha mayai, akajaza thamosi chai ya maziwa. Gathogo alivaa koti na kofia, katika joto lile, akasimama mlangoni.

"Kesho ni yake," akasema. "Reo ni yangu."

Bahari haikuwepo. Naeleza hivi kwa sababu ndivyo tulivyoona. Kulikuwa na uwanja wa matope na mawe, na kwa mbali wanawake wameinama wakichokora mchanga, na mbele yao kabisa ndipo maji yalipoanza. Tuliiburuta mashua kwenye matope yale tukimsikitikia mzungu, mtu mwenye pesa zake, aliyenunua nyumba mbali na bahari namna ile. Nyokabi alisema labda walimdanganya akiwa amelewa. Tulicheka sana. Mlinzi alitufuata hadi kwenye maji, akatazama mzigo wetu, akauliza, "Lakini maji mnayajua?" Otieno akamjibu, akiwa ndani hadi magotini, "Mzee, mimi ni mtu wa maji tangu utotoni." Mlinzi akarudi zake nyumbani. Hakuna aliyekosea adabu pale, na kila mtu alisema kweli.

Sasa nieleze kosa langu la kwanza, ambalo ni kubwa kuliko la pili. Wiki mbili kabla ya safari ile nilikuwa nimesimama mbele ya darasa la sita nikafundisha Jiografia. Niliandika ubaoni: Mwezi huvuta maji ya bahari. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Nikawafanya wairudie kwa sauti hadi mlango ukatikisika, nikawapa mtihani, wakapita karibu wote. Na siku ile nilisimama kwenye matope ya bahari iliyopwa, nikacheka pamoja na wengine. Maneno yale yalikuwa ya ubaoni. Hayakuwa na uhusiano wowote na unyevu kwenye miguu yangu. Nimefundisha miaka thelathini baada ya hapo na sijawahi kumchapa mtoto kwa kutoelewa.

Mashua ilitembea. Lazima niseme hivyo, maana katika masimulizi ya Naro Moru hakuna anayekumbuka kwamba ilitembea. Otieno aliinua tanga la hema, upepo ukalijaza, na tukaanza kupita kando ya pwani, polepole, karibu kiasi cha kuona watu wakianua nguo. Tulipita mikoko iliyosimama kwa mizizi yake juu ya matope. Tulipita miamba ambayo maji yameila kwa chini ikabaki na vichwa vikubwa. Tulipita kijiji kimoja ambako kengele ya baiskeli ilisikika wazi kabisa hadi kwetu. Nyokabi alishika ukingo kwa mikono miwili, macho yamefumbwa, akiuliza kila baada ya muda kama tumefika, na tulipomuuliza wapi hakujua. Otieno alishika usukani, na mimi niliketi karibu naye nikijifanya natazama mawe. Gathogo hakutazama pwani hata mara moja. Alipiga magoti katikati ya mashua, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akapitisha kiganja kwenye viungo vya mbao, kimoja baada ya kingine, kutoka nyuma hadi mbele.

"Haivuji," akasema. "Mwarimu, angaria. Hata tone."

Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Nilimwona fundi akiwa na furaha kamili saa mbili hivi za maisha yake, na nilikuwepo, na namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa shukrani yenyewe inanichoma.

Karibu saa tano tulifika kwenye kisiwa kidogo cha mawe, chenye vichaka viwili vitatu juu, tukaamua kula hapo. Chini, kwenye ukingo wa jiwe, wavuvi walikuwa wamepigilia kipande cha chuma. Otieno aliruka na kamba, akaifunga kwenye chuma kile, akaachia urefu mkubwa, kama walivyofanya kwao ziwani ili mawimbi yasiivunje mashua. Kila mtu alimwona akifunga. Tukapanda juu na sufuria. Tulipokaa, Nyokabi akakumbuka thamosi imebaki, nikashuka mimi kuichukua. Nikakuta mashua inazurura. Ilikwenda mbali, ikarudi, ikajigonga kwenye jiwe, na mahali ilipogonga rangi ya kijani ilikuwa imekwaruzwa hadi kwenye ubao. Nikaona huruma. Kule kwa Gathogo kazi yangu ya jioni ilikuwa kumfunga ngʼombe wa Nyokabi kando ya shamba la jirani la kabichi, na ngʼombe hufungwa kamba fupi, kichwa karibu na kigingi, kwa fundo linalozidi kukaza kila anapovuta. Nikafungua kamba ya Otieno. Nikaivuta mashua hadi pua yake ikakaribia chuma, nikaifunga kama ngʼombe. Ikatulia. Nilijisikia mtu wa maana sana, nikachukua thamosi, nikapanda. Sikumwambia mtu. Halikuonekana jambo la kusemwa.

Tulikula mukimo kwa mikono. Nyokabi alilala, kitambaa usoni, na Gathogo akalala ameegemea koti lake. Otieno alinimenyea yai, akanipa, akasema kwa sauti ya chini, "Nikipata livu ingine Agosti, nataka nikuje kwenu. Na wazee. Sijui watu wenu watasema nini." Nilimwambia watasema mengi, lakini aje. Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Tukakaa tukitazama boti za watalii zikipita kwa mbali kwenda kutazama samaki, na nilikuwa na furaha iliyonitosha kabisa. Hatukuwa tumeangalia chini kwa muda mrefu. Gathogo ndiye aliyeamka, akaenda ukingoni, na akasema kwa utulivu, nadhani kwa sababu hakuelewa anachokiona:

"Afande, mashua inakunywa maji."

Chuma hakikuonekana tena. Ukingo wa jiwe tuliokanyaga haukuwepo. Bahari ilikuwa imepanda kimo cha mtu, na mashua, iliyofungwa kwa kamba fupi kwenye kitu kilicho chini ya maji, ilikuwa imevutwa pua chini na makalio juu, na kila wimbi dogo lilipita juu ya ukingo wake likaingia ndani. Gathogo alishuka akiwa na nguo zake zote. Hakujua kuogelea. Alishika mashua kwa mkono mmoja, akautia mwingine majini kuitafuta kamba, na tulimsikia akisema amelipata fundo lakini limekaza. Kisha wimbi likaiinua mashua na kuishusha, ubavu wake ukaja kwenye jiwe, na mkono wake wa kulia ulikuwa katikati. Mashua ya mwerezi, nzito kwa maji, iliyotengenezwa imara na mkono uleule. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ai," kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Otieno alikuwa tayari majini. Alimtoa, akamsukuma juu tukampokea, akarudi na kisu tulichobeba pamoja na chakula, akazama. Alikaa chini muda mrefu. Alipokata kamba, mashua ilijiinua ikiwa imejaa hadi ukingoni, ikazunguka, ikaanza kuondoka na mkondo wa maji bila mtu, tanga limelala juu ya maji. Aliifuata akiogelea mpaka akaona haiwezekani, akarudi. Alipopanda alikuwa ameshika mkononi kipande cha kamba kilichokuwa na lile fundo. Alilitazama, akanitazama mimi, akakitupa baharini.

Kuanzia hapo hatukuwa na la kufanya, na ndiyo sehemu ya siku ile ninayoiota bado. Nyokabi alifunga mkono kwa leso yake, ikalowa, nikatoa yangu, ikalowa. Maji yaliendelea kupanda. Tulisogea juu, tukasogea tena, hadi tukawa wote wanne mahali penye ukubwa wa kitanda. Boti moja ya watalii ilipita karibu kiasi cha kuona kofia zao. Tulisimama tukapunga mikono, Otieno akavua shati akalipunga, tukaita. Wale wazungu wakasimama nao, wakacheka, wakatupungia. Mtoto mmoja alitupiga picha. Boti ikapita. Nyokabi alikaa chini akaanza kuimba wimbo wa kanisani, sauti ikitetemeka, na nilitaka kumwambia anyamaze kwa sababu ulikuwa wimbo tunaouimba makaburini.

"Itafunika mpaka juu," Gathogo akasema. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Afande, utatubeba wangapi?"

Ndipo nikaona, kwenye jiwe, chini kidogo ya miguu yetu, mstari wa majani makavu ya baharini na vipande vya mbao, umenyooka kuzunguka kisiwa chote. Na ubao wa darasa la sita ukanijia wote, maandishi yangu mwenyewe, na sauti za watoto. Nikawaambia maji yatafika pale yasimame, kisha yatarudi, kwa sababu ndivyo yanavyofanya kila siku, mara mbili. Nyokabi aliacha kuimba. Otieno akanigeukia.

"Ulikuwa unajua?" akaniuliza.

Nilisema nilikuwa nimesoma. Aliitikia kwa kichwa. Maji yalifika kwenye mstari yakasimama, kama nilivyosema, na hakuna aliyenipongeza.

Saa kumi hivi mtu mmoja aliyekuwa akipeleka kreti za soda kwa mashua ya injini alituona, na alikuwa ameikuta mashua yetu ikielea nusu imezama, akaifunga nyuma ya yake. Alitusaidia kupanda mmoja mmoja. Alikitazama kipande cha kamba kilichobaki kwenye pua ya mashua, kifupi kupita kiasi, akatikisa kichwa.

"Nani kaifunga hivi?" akauliza. "Leo bamvua, maji makubwa. Chombo hakifungwi hivi, jamani. Mumejitakia."

"Ni Otieno arifunga," Gathogo akasema, macho yamefumbwa. Hakulaumu. Alikuwa akijibu alichoulizwa, na alikuwa amemwona akifunga.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua, maana ladha ya chumvi iliingia. Otieno alikuwa ameketi mbele yangu, magoti yetu yakigusana, na alinisubiri. Alisubiri kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, na injini ikanguruma, na sikusema. Kisha akamgeukia mwenye mashua, akasema, "Ni mimi."

Hospitalini Mombasa walimkata Gathogo vidole vitatu. Mzungu aliichukua mashua, akaitengeneza, na nasikia ilitumika miaka mingi. Sisi tulirudi Naro Moru, kwenye baridi yetu, na karakana ikanyamaza. Nilikuwa nimezoea kuamshwa na randa. Sasa niliamshwa na Gathogo akijaribu kupigilia msumari kwa mkono wa kushoto, pigo moja kwa mbao na moja kwa kidole, na ukimya baada yake. Kupitia ukuta Nyokabi alisema, "Tungeenda bira huyo mtu wa ziwa." Gathogo alimwambia aache, kwamba hata Afande aliumia. Lakini mji haukuacha. Wale waliomwita fundi Nuhu sasa walimhurumia, na huruma ilihitaji mkosaji, na mkosaji alikuwepo tayari, mrefu, mwenye jina la kutoka mbali. Sokoni walisema ati huyo jaluo alimharibia mtu wetu mkono. Mwenye bucha alikataa kumuuzia nyama. Hakuna aliyeniuliza mimi lolote. Hawakuwa na sababu ya kuniuliza, na hilo ndilo lililonifunga mdomo zaidi ya woga: kila mtu alikuwa tayari kuamini, ilikuwa rahisi sana, na nilichotakiwa kufanya ni kukaa tu.

Otieno alikuja Jumapili tatu. Alileta sukari, na majani ya chai, na mara ya tatu alimletea fundi patasi aliyoifunga mpini mnene wa kushikwa na mkono wa kushoto. Nyokabi alimpa chai kwenye kikombe cha wageni na hakukaa naye. Mara zote tatu nilimsindikiza mpaka barabarani, mwendo wa dakika kumi kati ya mashamba ya viazi, na mara zote tatu nilijiambia nitasema tukifika kwenye daraja, kisha tukifika kwenye mti, kisha tukifika lami. Tulizungumza kuhusu mvua. Hakuniuliza kuhusu Agosti. Mwezi wa saba nilisikia kupitia ukuta kwamba Afande amehamishwa, na wiki hiyohiyo barua yangu ya chuo ikafika, na watu wa nyumba ile wakanichinjia kuku.

Nyokabi alitangulia miaka kadhaa iliyopita, akiamini alichoamini. Na kwenye mazishi ya Gathogo, msimamizi alipouliza kama kuna mwenye neno, aliniona akaniita kwa jina, Mwalimu mstaafu, aliyewahi kuishi na familia. Nilisimama. Nilishika maikrofoni. Nikasema marehemu alikuwa mtu wa bidii na kwamba madawati aliyoyatengeneza bado yapo shuleni, watu wakapiga makofi, nikaketi. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda ila kwangu.

Baada ya kaburi kufunikwa tulipewa wali na kabichi kwenye hema. Nilimtafuta Otieno, nikamkuta ameketi peke yake mwisho wa meza. Nilivuta kiti. Hatukuwa tumeonana tangu barabara ile ya viazi. Alisema nimenenepa, nikasema yeye ameisha. Halafu nikasema, haraka, kabla sijapata daraja wala mti wa kungojea, kwamba kamba niliifupisha mimi nilipofuata thamosi, na kwamba nitamwambia Muthoni leo hii, na kanisa likitaka nitasimama tena niwaambie wote.

"Mwambie," akasema. "Ni vizuri ajue."

"Wewe ulijua."

"Niliiona fundo, Mwalimu. Kwetu hatufungi hivyo." Alisukuma wali kwa kijiko upande mmoja wa sahani, kisha upande mwingine. "Nilingoja useme kwa ile mashua ya soda. Halafu nikangoja ukinisindikiza. Barua ya kuhamishwa ilikuja, nikakaa nayo kwa mfuko wiki mbili kabla niambie mtu." Akanitazama, bila hasira yoyote, na ningeipokea hasira kwa mikono miwili. "Huko walinihamisha nilingoja miaka miwili. Halafu nikaoa."

Akanipa sahani yake nimshikie, apate kusimama.